Aliyesema Nabeba

Haya nilisimuliwa na Mwavita binti Kalumbi mwenyewe, wiki ile tuliyokuwa tunapukuchua maharage, mwezi mmoja baada ya mashua Starehe kuburutwa nchi kavu pale Kibirizi, ufukweni mwa Kigoma. Alikaa kwangu siku tatu. Siku ya kwanza alipukuchua tu. Siku ya pili akaniuliza, bibi, nikikueleza nilichofanya utanichukia? Nikamwambia nina miaka themanini na moja, nguvu ya kuanza kuchukia watu wapya sina, eleza. Ndipo akaanza, na mimi naandika kama alivyosema, ila pale alipolia nimeruka.

Asumini, mdogo wake, alizaliwa mwaka ule injini za mafuta zilipokatazwa ziwani. Tangu hapo watu wa Kigoma na wa ng'ambo wanasafiri kwa mashua za tanga, zile zenye tanga la bati jembamba linalojigeuza lenyewe kufuata upepo. Na kila abiria anapopanda anabandikwa kifungo nyuma ya sikio, kidogo kama cha shati. Ambaye hajapanda aelewe hivi: kifungo kile hakiponyi kichefuchefu cha mawimbi, kinakihamisha tu. Kinakinyonya kwa abiria, kinakipeleka kwenye sanduku karibu na usukani, na sanduku linakimwaga kwa mtu mmoja aliyelala kwenye godoro tumboni mwa mashua. Huyo ndiye mbebaji. Abiria thelathini wanapiga soga na kula karanga, yeye peke yake anaumwa kwa niaba ya thelathini. Ni kazi. Analipwa kama kuli.

Lakini sanduku halimpi mtu mzigo kwa nguvu. Mbebaji lazima ataje jina lake na aseme "nabeba", kwa sauti yake, ndipo linafunguka. Asiposema, kila mtu anabaki na chake. Na ukutani iliandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mtu asibebe zaidi ya saa moja, kwa kuwa ndani ya sikio kuna vinyweleo vinavyotuambia chini ni wapi na juu ni wapi, na vikichapwa mno vinalala moja kwa moja.

Sasa Starehe. Starehe ilichorwa na Injinia Desideri Bukuru, aliyesomea mambo ya vyombo ng'ambo, kwenye bahari kubwa. Ilikuwa mashua ya kupendeza kuitazama, nyeupe, pana nyuma kama sebule, chini bapa, nyepesi, vyumba vya kulala vyote mbele puani, na vidirisha vidogo vya mviringo juu kabisa ambavyo mtu akikaa haoni maji wala mlima. Mafundi wa Kibirizi walipoona mchoro walimwambia Injinia kwamba wimbi la ziwa hili ni fupi na la karibukaribu, halikupi nafasi ya kupumua, chombo bapa kitakuwa kinaruka. Akawajibu kwamba wimbi ni wimbi, hesabu zake anazo.

Mafundi wale wana desturi, na Injinia hakuweza kuikwepa. Chombo kipya hakipati kibali mpaka aliyekibuni ale chakula cha fundi. Anakalishwa puani, mgongo kaupa upepo, mashua inakwenda, anapewa ugali na mgebuka, samaki wa ziwa hili, aliyechemshwa kwa mawese, na mawese wanazidisha makusudi mpaka yanaelea. Anamaliza sahani mbele ya watu. Kikikaa tumboni, chombo ni kizuri. Kikirudi, na mashua inarudi nchi kavu ikachongwe upya. Na kila baada ya miezi sita anakula tena. Zamani fundi alikula sikio likiwa tupu. Vifungo vilipokuja, hakuna aliyekumbuka kusema vivuliwe. Kilionekana kama kofia, na mtu mzima haambiwi avue kofia akila.

Siku Injinia alipokula mara ya kwanza, mbebaji alikuwa Asumini.

Alikula sahani mbili. Watu wakapiga makofi. Kwa furaha akaamuru wageni wazungushwe hadi mbali, wakaone milima ya ng'ambo, na nahodha alipomkumbusha saa ya mbebaji, akasema bado kidogo. Akasema bado kidogo mara nne. Asumini alibeba watu thelathini na mmoja kwa saa nne, na wa thelathini na mmoja ni Injinia na mgebuka wake.

Aliposhushwa, gati lilikuwa linapanda na kushuka. Mpaka Mwavita ananisimulia, lilikuwa bado linapanda na kushuka. Msichana wa miaka ishirini na miwili anatembea kwa kushika ukuta. Mtoto wake, aliyekuwa na miezi mitano siku ile, ananyonya ameshikwa na mtu mwingine, kwa sababu mama akimpakata peke yake anaona wote wawili wanaanguka.

Mwavita alikwenda ofisini kwa Injinia. Alipokewa vizuri, akapewa kiti na soda. Injinia akampa pole ndefu. Kisha akamweleza kwamba mashua haina kosa, chakula cha fundi kilikaa na mji mzima ulishuhudia.

"Kuna watu wana masikio mepesi, dada," akamwambia. "Pengine ni ya ukoo wenu. Na mdogo wako hakulazimishwa. Sauti yake ninayo."

Akabonyeza kitu mezani, na ofisi nzima ikamsikia Asumini akisema, Asumini Kalumbi, nabeba. Alisema akicheka kidogo, kama mtu anayekubali kushikiwa mkoba.

Mwavita aliniambia, bibi, kicheko kile ndicho kilichoniingia. Kama angesema kwa huzuni ningerudi nyumbani. Nilitoka pale najua ninachotaka. Nilitaka huyu mwanamume alitaje jina lake na neno lile kwa mdomo wake, na sanduku nilishike mimi, na saa zipite.

Nyumbani Asumini akamuuliza Injinia amesema nini. Mwavita akamweleza yote. Asumini akasema, mpeleke nilipo mimi. Hakutaka pole wala matibabu. Alitaka jirani.

Basi Mwavita akaomba kazi ya ubebaji kwenye Starehe. Walimchukua siku hiyohiyo, kwa kuwa baada ya Asumini wanawake waliogopa. Injinia alimwona gatini mara nyingi na hakumkumbuka. Hilo nalo aliliweka moyoni.

Miezi minne alibeba, saa moja kwa safari, na mwili wake ukaijua mashua ile kuliko aliyeichora. Alinionyesha uani kwangu. Alijaza beseni maji, akaweka sinia juu yake na sufuria ndefu yenye maharage kidogo pembeni, akatikisa maji kwa mkono. Sufuria ikazama kidogo, ikayumba taratibu, ikatulia. Sinia likadunda, pa, pa, pa, kila kijiwimbi kikilipiga lilirudi upesi kabla halijamaliza kwenda.

"Starehe ni sinia," akasema. "Na chumba cha kulala wamekiweka ukingoni mwa sinia. Katikati kunatikisika kidogo, ukingoni unarushwa. Mashua ni kubwa, haidundi upesi kama sinia. Ukihesabu taratibu mpaka tano, umepanda na umeshuka. Mpaka tano tena. Madaktari wanasema hesabu hiyohiyo ndiyo tumbo la binadamu haliiwezi. Ikiwa ya haraka zaidi unastahimili, ikiwa ya polepole zaidi unasinzia. Yeye aliipata sawasawa, bibi. Hata angetaka kutengeneza mashine ya kutapisha asingeipata vizuri hivyo."

Siku ya chakula cha pili ikafika. Asubuhi saa mbili, upepo wa kusini ulikuwa umeanza. Safari hii alikuwepo mkaguzi kutoka serikalini, Bi Koleta, mwanamke mfupi mwenye daftari la jalada gumu. Abiria walikuwa thelathini, wa bure, walioalikwa kuonja starehe. Mmoja alikuwa mama mjamzito wa miezi saba, Sabela, aliyepanda kwa sababu alitaka kupelekwa kwa dada yake ng'ambo safari ijayo na alitaka kujaribu kwanza. Nahodha alikuwa yuleyule wa siku ya Asumini, mzee Msuluzya. Yeye havai kifungo, manahodha hawavai.

Mwavita akashuka tumboni, akalala kwenye godoro, akabandika kifungo. Mashua ikatoka, ikapita rasi ya Bangwe, ikakutana na wimbi. Taa ndogo ya sanduku, ile iliyo juu ya godoro, ikawaka kuomba jina.

Akafunga mdomo.

Hakukata waya wala hakuvunja kitu. Alilala pale anatazama taa inaomba, inaomba, na yeye kimya. Kichefuchefu chake mwenyewe kilikuja, akakipokea kama mgeni anayemfahamu. Juu alisikia soga za watu zinapungua. Kisha zikaisha. Kisha akasikia mtu wa kwanza.

Alipanda ngazi ili aone, kwa kuwa alikuwa ameingoja siku hiyo. Injinia alikuwa puani na sahani magotini, mawese yamemwagikia suruali. Alikuwa amekula robo. Alikuwa anatafuna tonge moja bila kulimeza, macho kayakaza kwenye sahani, jasho linamtoka kama aliye jikoni. Alipomwona Mwavita akaelewa. Akafungua mdomo amwamrishe kitu, na kilichotoka si amri.

Mbele ya mkaguzi, mbele ya mafundi wawili wa Kibirizi waliokuja kushuhudia. Fundi mmoja, naye kashika tumbo lake, akapata nguvu ya kusema, "Ongeza ugali, Injinia, labda ni njaa." Akacheka mpaka naye akatapika.

Bi Koleta alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mlingoti, anaandika kwa mwandiko unaopanda na kushuka. Alimwita Mwavita akamuuliza kama mtambo umeharibika. Mwavita akajibu kwamba mtambo ni mzima, mbebaji ndiye hajakubali, na kukubali ni hiari, hata Injinia analijua hilo. Mkaguzi akaandika kwamba abiria ni thelathini, waliotapika ni ishirini na sita, vifungo vikiwa bila mbebaji, kosa ni la umbo la chombo, kirudi nchi kavu. Akatia sahihi, akafunga daftari, kisha akainama kando.

Kama ingekuwa ni haki tu, mambo yangeishia hapo. Mwavita mwenyewe alikiri. Mashua ilikuwa imehukumiwa. Lakini Injinia alikuwa ametapika kama mtu yeyote, na kesho angeamka mzima, anywe chai, atembee barabarani bila kushika ukuta. Na walikuwa bado mbali na nyumbani, saa moja na dakika ishirini hivi.

Nahodha akageuza. Upepo ukawa nyuma, na wimbi likaanza kuliinua lile tako pana la mashua na kuisukuma pua chini, kila mara, kila mara. Ikawa mbaya kuliko kwenda. Sabela alikuwa amelala ubavu sitahani, hana tena cha kutoa, anatoa maji ya kijani. Alimshika Mwavita upindo wa kanga.

"Dada, mimi nimekukosea nini?"

Miezi minne Mwavita alijiandaa kwa kila kitu, kwa polisi, kwa kutukanwa, kwa kusukumwa majini. Sabela hakuwamo katika mipango yake. Alitaka kushuka chini aseme neno lile, ayamalize. Hatua tatu alikuwa amekwenda.

Ndipo Injinia alipomwita. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Wewe mama, nenda kabebe. Ndiyo kazi yako. Hawa watu wanaumia."

Mwavita akarudi zile hatua tatu. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Mimi ni dada yake Asumini Kalumbi. Ukoo wetu una masikio mepesi, ulisema mwenyewe. Wewe masikio yako ni mazito. Chombo ni chako, watu hawa uliwaalika wewe. Beba."

Injinia akawatazama watu. Watu wakamtazama yeye. Mwanamume mmoja akasema, kweli, abebe yeye. Mwingine akasema kuna mjamzito pale, anangoja nini. Ninavyodhani mimi, si wema uliomsukuma, ni yale macho. Walimsaidia kushuka ngazi, wakamlaza kwenye godoro la wabebaji. Nahodha Msuluzya alihitaji mikono miwili kwenye usukani, akamsogezea Mwavita sanduku, lenye swichi ya kuzimia, kwa mguu. Alimjua ni nani tangu siku ya kwanza alipoomba kazi. Hakumtazama.

"Siku ile niliambiwa bado kidogo," akasema.

"Najua," Mwavita akasema.

Taa ikawaka. Kutoka chini ikaja sauti: Desideri Bukuru, nabeba.

Mwavita alisema mwili wake wote ulitulia. Sitahani watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wanafuta midomo, wanaona haya. Sabela akakaa, akaomba maji. Baada ya dakika kumi mtu akafungua mfuko wa karanga. Na chini wakamsikia Injinia. Mwanzo alikuwa anatapika. Baadaye hakuwa anatapika tena, alikuwa anaomba ashikwe, anasema anaanguka, ilhali amelala chali godoroni. Alimwita mama yake. Watu wakapandisha sauti za soga ili wasisikie.

Mwavita alikaa na mkono kwenye swichi na macho kwenye saa. Dakika arobaini. Hamsini. Saa moja kamili ikapita, na mkono haukusogea. Mpaka gatini zilibaki dakika ishirini. Aliniambia, bibi, nilikuwa naiona ofisi yake. Nilikuwa namwona ameshika ukuta wa ofisi yake.

Dakika moja. Mbili.

Bi Koleta akauliza kama saa haijatimia. Kabla Mwavita hajajibu, mwanamume mwenye karanga akasema, "Mwache bwana, bado kidogo tu. Tunaona nyumba kule." Na mwanamke mwingine akaunga mkono, kwamba ukizima sasa wote tutaanza tena, bado kidogo. Hata Sabela, amejishika tumbo, akasema kwa upole kabisa, "Bado kidogo, dada, nakuomba."

Mwavita akawatazama nyuso zao. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamekula, wamekunywa maji, wanataka kufika. Akaelewa kwamba watu kama hawa ndio waliokaa hapohapo siku ya Asumini. Miezi yote alikuwa amemchukia mmoja, kumbe siku ile walikuwa thelathini na mmoja, na sasa wako upande wake. Alitaka kumfikisha Injinia mwisho kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili ya mdogo wake. Hakutaka kusaidiwa na mwenye karanga.

Dakika ya nne akazima.

Kichefuchefu kikawarudia wote kwa mpigo. Mwenye karanga alimtukana tusi ambalo siliandiki. Sabela alimlilia hadi gatini, na waliposhuka alimtemea mate miguuni, na Mwavita akamwacha amtemee. Injinia alibebwa. Alipowekwa wima alisimama, akapiga hatua tano, akaegemea kushoto kama mtu mwenye maji sikioni, akasimama tena. Daktari alisema vinyweleo vimechapwa, huenda vikaamka, huenda visiamke, angojewe. Wakamlaza hospitalini, akachomwa sindano, akalala kabla hata hawajamvua viatu.

Mwavita alifika nyumbani saa tisa mchana. Asumini alikuwa ameketi uani na macho yamemtoka, habari zilikuwa zimemtangulia, ila nusu nusu.

"Ulimfikisha?" akauliza.

"Nilimfikisha mlangoni."

"Muda gani?"

"Saa moja na dakika nne."

Asumini akasema, mimi zilikuwa saa nne. Mwavita akasema anajua. Asumini akamwambia kwamba alimtuma kitu kimoja tu, kimoja, na yeye alikuwa ameshika swichi, na watu wote walikuwa wanamwambia aendelee. Mwavita akasema ndiyo maana. Asumini hakutaka kuelewa, na mimi simlaumu. Alimgeuzia mgongo. Alikataa kushikwa mkono, akajivuta mwenyewe kwa kufuata ukuta hadi chumbani, na kutoka huko akawa anasema maneno kwa sauti ya chini, mengine ya kumlaani Injinia, mengine ya kumlaani dada yake, mpaka maneno yakaanza kukosa miisho, na akapitiwa na usingizi.

Mwavita alimlisha mtoto uji kwa kijiko. Mtoto akalala. Akaufua upindo wa kanga uliotemewa mate, akauanika. Jua lilikuwa bado juu. Alisema alikaa mlangoni akijaribu kuipata ile raha aliyoingoja miezi minne, akaitafuta kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, akaipata kidogo, pale Injinia aliposhindwa kumeza tonge. Hiyo akabaki nayo. Kuhusu zile dakika nne hakujua aziite nini, na alinitazama kama mimi ningejua.

Kisha akaingia ndani, akajinyoosha sakafuni kando ya kitanda cha mdogo wake, mahali ambapo Asumini akiamka na kushusha mguu lazima amguse. Alisubiri chumba kiache kuyumba. Kilichelewa, lakini kiliacha. Akalala.